Sahihi Moja, Maelfu ya Vichwa: Hesabu ya Kumpata Makamu Mkuu wa Chuo

Tarehe 27 Novemba 2024 msimu wa korosho ulikuwa bado haujaisha kusini mwa Tanzania. Siku hiyo mkazi wa kata ya Nambilanje, wilayani Ruangwa, alikuwa na haki ya kuacha korosho zake chini ya mti, kwenda kupanga foleni na kumpigia kura mwenyekiti wa kijiji chake. Masharti ni machache: awe raia, awe mkazi, awe ametimiza miaka 18 na jina lake liwe kwenye orodha. Hakuna anayemuuliza cheti cha shule. Pamoja na mwenyekiti, kijiji huchagua wajumbe wa halmashauri yake, ambayo kisheria ina watu 15 hadi 25.

Mkazi huyohuyo, ikiwa ni mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ana kura nyingine. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ndio unaochagua bodi, na ndio unaopitisha ukomo wa madeni. Juu yake kipo RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachobeba jina la Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ambacho vyama vya msingi hutuma wawakilishi wao. Kwa hiyo mtu anayelima ufuta, mbaazi na korosho ana njia inayojulikana ya kumweka, na ya kumwondoa, anayesimamia mzani wake.

Sasa tumfuate mtoto wake aliyefaulu kidato cha sita na kupangiwa chuo kikuu cha umma. Huko ataongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo, mtu ambaye uamuzi wake unagusa kozi, mitihani, ajira za wahadhiri na fedha za umma. Makamu Mkuu huyo alipatikana kwa kura ngapi?

Kisheria, kura inayohesabika ni moja: sahihi ya mamlaka ya uteuzi. Uchambuzi huu unapima namba hiyo. Imetokea wapi, majirani zetu wana namba gani, kuiongeza kungegharimu kiasi gani, na ni nani anayelipa inapobaki kama ilivyo?

Nafasi tatu, mkono mmoja

Kwanza tutenganishe vyeo viwili ambavyo watu huvichanganya. Mkuu wa Chuo ndiye anayeonekana siku ya mahafali akiwatunuku wahitimu shahada. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cheo hicho amekishika Rais mstaafu Jakaya Kikwete tangu 2016. Ni cheo cha heshima na ushauri. Kazi ya kila siku ni ya Makamu Mkuu wa Chuo. Yeye ndiye mtendaji mkuu, na yeye ndiye mwenyekiti wa Seneti, chombo kinachoamua masuala ya taaluma: mitaala, matokeo na shahada. Mwananchi anayetaka kujua nani anaongoza elimu ya chuo amtazame huyu wa pili.

Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, Rais wa nchi humteua Mkuu wa Chuo, humteua mwenyekiti wa Baraza la Chuo, na humteua Makamu Mkuu wa Chuo. Nafasi 3 za juu zinajazwa na mkono 1. Kabla ya uteuzi wa Makamu Mkuu kuna mchakato wa kutafuta majina na kupokea mapendekezo, lakini jumuiya ya chuo haipigi kura inayotangazwa. Siku moja taarifa ya Ikulu inatoka, jina linasomwa, na wahadhiri wanalipata kwa njia ileile anayolipatia msikilizaji wa redio kule Nambilanje.

Wakati huohuo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayo kura ya kumchagua rais wa serikali ya wanafunzi. Profesa aliyefundisha miaka 30 hana kura ya kumchagua anayeongoza Seneti anamokaa.

Miaka 47, viongozi 6

Namba za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha utaratibu huu umezaa nini. Chuo kilianza Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo 1 cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kikasimama peke yake.

Kuanzia hapo hadi uteuzi wa Profesa William Anangisye mwaka 2017 ni miaka 47. Ndani yake waliongoza watu 6: Pius Msekwa (1970 hadi 1977), Ibrahim Kaduma (1977 hadi 1980), Nicholas Kuhanga (1980 hadi 1988), Geoffrey Mmari (1988 hadi 1991), Matthew Luhanga (1991 hadi 2006) na Rwekaza Mukandala (2006 hadi 2017). Wastani ni karibu miaka 8 kwa kila mmoja. Walioongoza muda mfupi zaidi walikaa miaka 3. Aliyeongoza muda mrefu zaidi alikaa 15.

Orodha hiyo inagawanyika vipande viwili. Watatu wa kwanza walitoka moja kwa moja katika siasa na serikali. Msekwa alikuwa mtendaji mkuu wa TANU, na baadaye akawa Spika wa Bunge. Kaduma alitoka uwaziri wa mambo ya nje, na Kuhanga alitoka uwaziri wa elimu. Kwa miaka 18, kuanzia 1970 hadi 1988, chuo kiliongozwa na watu walioletwa kutoka nje ya kumbi za mihadhara. Kuanzia Mmari, aliyekuja kuwa Makamu Mkuu mwanzilishi wa Chuo Kikuu Huria, wote wamekuwa wanataaluma: Luhanga mhandisi, Mukandala mwanasayansi ya siasa, Anangisye mwalimu wa elimu.

Mabadiliko hayo ni makubwa, na ni haki kuyataja kwa sifa. Aina ya mtu anayeteuliwa ilibadilika. Idadi ya wanaoamua haikubadilika: ilikuwa 1 mwaka 1970, na ilikuwa 1 mwaka 2017.

Gharama za jumuiya kutoulizwa zilionekana mapema. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu akilalamika kwamba uongozi unaamua bila kushauriana na jumuiya. Alifukuzwa chuoni, polisi wakaingia kumwondoa, na chuo kikatikisika. Ugomvi ulihusu jambo tunalolihesabu hapa, yaani watu wangapi wana sauti kabla ya uamuzi kutoka.

Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa Tanzania zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mojawapo ya madai yake ni kwamba taasisi za elimu ya juu zijiendeshe kidemokrasia, jumuiya yote ikishiriki. Miaka 7 baadaye, Novemba 1997, UNESCO ilipitisha pendekezo la kimataifa kuhusu walimu wa elimu ya juu, likisema wawe na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi katika vyombo vya taaluma vya taasisi zao. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia kusema.

Majirani wanahesabu vipi

Uganda inatumia namba 3. Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inataka Seneti ya chuo cha umma ipendekeze wagombea 3, Baraza lipitishe pendekezo lake, kisha Mkuu wa Chuo ateue. Muda ni miaka 5, na unaweza kuongezwa mara 1. Kabla ya hapo Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo cha Makerere. Kwa njia hii mpya Profesa Barnabas Nawangwe, msanifu majengo, aliingia ofisini mwaka 2017. Sahihi ya mwisho bado ni ya mtu mmoja, lakini hawezi kuchukua jina kutoka hewani. Lazima liwe limepita mikononi mwa maprofesa.

Kenya ilipita njia yenye mabonde zaidi. Rais Daniel arap Moi alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki aliachia vyeo hivyo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikampata Joe Wanjui kuwa Mkuu wake. Mwaka 2005 Profesa George Magoha akawa Makamu Mkuu baada ya nafasi kutangazwa na watu kushindanishwa. Mabadiliko ya sheria ya 2018 yakaipa Tume ya Utumishi wa Umma kazi ya kuendesha usaili.

Januari 2020 mfumo huo ulijaribiwa. Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama baada ya usaili. Haikufika wiki 2, Magoha, wakati huo waziri wa elimu, akatengua uteuzi na kulivunja baraza. Shauri likaenda mahakamani, na hatimaye Kiama akashika ofisi. Kilichompa mguu wa kusimamia ni kwamba mchakato wake uliacha maandishi: tangazo, orodha, usaili, alama. Mtu akivunja mchakato wenye maandishi, mahakama ina kitu cha kusoma.

Mbali zaidi, Uturuki inaonyesha jinsi ngazi zinavyoweza kuvunjwa. Wanataaluma walikuwa wakipiga kura, majina 6 yanakwenda kwa baraza la elimu ya juu, baraza linabakiza 3, Rais anachagua 1. Oktoba 2016, kwa amri ya dharura, kura ya wanataaluma ikafutwa. Januari 2021 Rais alipomteua Melih Bulu kuongoza Chuo Kikuu cha Boğaziçi, wahadhiri waliipa kisogo ofisi yake kila siku uwanjani, na wanafunzi waliandamana. Julai mwaka huohuo Bulu aliondolewa. Alidumu miezi 6 au zaidi kidogo.

Brazili nayo iliweka majina 3 vilevile. Sheria yake ya mwaka 1995 ilisema katika chombo kinachotunga orodha hiyo, uzito wa walimu usipungue asilimia 70, na waliobaki wawe wafanyakazi wengine na wanafunzi. Waliliona tatizo la nani aongee kwa uzito gani, wakalipa namba.

Gharama ya kuuliza

Hoja ya kwanza dhidi ya kuishirikisha jumuiya ni gharama. Basi tuipige hesabu, kwa namba za mfano ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha apendavyo.

Chukua chuo chenye wanataaluma 1,000 na wagombea 3 waliopita mchujo. Kila mgombea anapewa saa 1 ya kueleza mpango wake na kuulizwa maswali mbele ya wote. Saa nyingine 1 ni ya kupiga kura ya siri. Hizo ni saa 4 kwa mtu, saa 4,000 kwa chuo, sawa na siku za kazi 500 za saa 8. Ukiipa kila saa thamani ya shilingi 20,000, gharama nzima ni shilingi milioni 80.

Zikitajwa peke yake, milioni 80 zinatisha. Zigawe kwa kipindi cha miaka 5, kama wanavyohesabu Uganda, na zinakuwa milioni 16 kwa mwaka. Kwa kila mwanataaluma, saa 4 katika miaka 5 ni dakika 48 kwa mwaka. Mpiga kura wa Nambilanje aliyetembea hadi kituoni, akasubiri zamu yake na kurudi shambani, huenda alitumia muda zaidi ya huo kwa siku moja tu, na hakuna aliyemlipa posho.

Sasa tupime upande wa pili, gharama ya kutouliza. Tangu 2022 mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa serikali hupewa shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Chuo chenye wanafunzi 10,000 wa namna hiyo kinabeba shilingi milioni 100 kwa siku kwa sahani na kitanda peke yake, kabla ya mishahara, umeme na maji. Mgogoro wa uongozi ukipoteza siku 1 ya masomo, siku hiyo lazima ifidiwe, na siku ya kufidia nayo ina chakula chake. Yaani mashauriano yote ya miaka 5, milioni 80, ni pungufu ya siku 1 iliyopotea. Mgogoro wa siku 30 ungemeza bilioni 3, fedha ambazo zingelipia mashauriano hayo mara 37.

Pima pia na mali inayokabidhiwa. Mwaka wa fedha 2024/25 bajeti ya mikopo ya elimu ya juu ilikuwa shilingi bilioni 787. Mradi wa HEET, wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulitajwa na serikali kuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 972. Kiasi hicho kingelipia mashauriano yetu ya mfano mara 12,150. Nchi inayokopa kwa ukubwa huo ili kujenga madarasa na maabara ina uwezo wa kulipia saa 4 za kuwasikiliza watakaofundisha ndani yake.

Kura nyingi peke yake hazitoshi

Wanaopinga uchaguzi chuoni wana hoja nzito, na wanastahili jibu la kweli. Wanasema kampeni huzaa makambi. Mgombea atawaahidi wenzake posho na vyeo, na atashindwa kumwajibisha mhadhiri mvivu aliyempa kura. Maprofesa wa idara kubwa watawameza wa idara ndogo. Kabila na dini zitaingia kwa mlango wa nyuma. Haya yote yanawezekana.

Kijiji chenyewe kinatupa onyo jingine. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji nchini. Mamilioni walikuwa na haki ya kura, lakini sehemu kubwa ya nafasi zilikuwa na mgombea 1. Idadi ya wapigakura ni nusu ya hesabu; nusu ya pili ni idadi ya majina wanayowekewa mezani. Wapigakura wengi wakiwekewa jina 1 huwa wanaidhinisha tu.

Oxford nayo inafundisha jambo. Mwaka 2024 ilimchagua Mkuu wake kwa kura za mtandaoni kwa mara ya kwanza, wagombea wakiwa 38. Katika duru ya mwisho William Hague alipata kura 12,609, na Elish Angiolini 11,006. Uchaguzi huo unathibitisha kwamba maelfu waliotawanyika duniani wanaweza kupiga kura bila kukodi ukumbi. Lakini cheo walichokipigia ni kile cha heshima. Mtendaji mkuu wa Oxford hapatikani kwa njia hiyo. Umati ulipewa kofia ya mahafali, na ofisi yenye kazi ikabaki kwa utaratibu mwingine.

Kwa sababu hizo sipendekezi kwamba Makamu Mkuu apatikane kama mbunge, kwa mabango na magari ya vipaza sauti. Mwajiri wa mwisho wa chuo cha umma ni umma, na Rais anauwakilisha. Sahihi yake ibaki. Ninachotetea ni kwamba sahihi hiyo itanguliwe na hesabu zilizo wazi, kwa sababu umma hauwezi kujua kama umewakilishwa vizuri ikiwa haujui nani mwingine alikuwapo.

Kinachoingia Lindi

Mtu anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi mkulima wa Ruangwa au Nachingwea. Jibu linajengwa mkoani kwake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia HEET, kinajenga kampasi Lindi, yenye mwelekeo wa kilimo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika mkoa huu, na kwa miaka mingi mtoto wao aliyetaka shahada ya chuo cha umma alipanda basi. Kutoka Lindi mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na aliyeanzia Nambilanje alikuwa na safari nyingine kabla ya hiyo.

Kampasi hiyo itafundisha nini kwanza? Maabara ya udongo itapimia mashamba ya nani? Utafiti utaanzia kwenye magonjwa ya mikorosho, mbegu za ufuta au soko la mbaazi? Mkutano wa kijiji hauamui maswali hayo. Yataamuliwa katika Seneti, mwenyekiti akiwa Makamu Mkuu. Nachingwea inajua gharama ya mipango ya kilimo iliyoamuliwa mbali: mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, uliteketeza mamilioni ya pauni kwenye ardhi ambayo wenyeji wangeweza kuieleza kama wangeulizwa.

Kiongozi aliyesimama mbele ya wanataaluma 1,000 na kuulizwa atafanya nini na kampasi za mikoani ataingia ofisini akiwa ameshatoa jibu. Jibu hilo litakuwa limerekodiwa, na baada ya miaka 5 litaweza kupimwa. Kiongozi ambaye hakuulizwa hana ahadi ya kupimwa nayo, hata akiwa msomi hodari na mtu mwema.

Namba tano za kudai

Marekebisho ninayoyatetea hayahitaji kubomoa sheria yote. Yanahitaji chuo cha umma kitangaze namba 5 kila kinapotafuta Makamu Mkuu: nafasi ilitangazwa kwa siku ngapi, waombaji walikuwa wangapi, waliopita mchujo ni wangapi, wasipungue 3, na majina yao, Seneti na mkutano wa wanataaluma walimpa kila mmoja kura ngapi, na siku ngapi zilipita kati ya pendekezo na uteuzi. Mwenye mamlaka akimteua wa kwanza kwa kura, uteuzi unapata nguvu. Akimteua wa tatu, aeleze sababu kwa maandishi. Inawezekana ana sababu njema ambayo maprofesa hawakuiona.

Kwa hesabu yetu hayo yote yanagharimu dakika 48 kwa mwaka kwa kila mwanataaluma, na chini ya shilingi milioni 100 kwa kila kipindi. AMCOS inasoma hesabu zake mbele ya wanachama, mezani pakiwa na kalamu, daftari na mihuri tu. Chuo kikuu, ambacho ndicho kinachowafundisha wahasibu na wanasheria wa nchi hii, kina kila kinachohitajika kufanya hivyo. Kianze na uteuzi unaofuata.